Shairi Linalojitaja Lenyewe

Leo nataka kusema nanyi juu ya desturi moja ya washairi wa Kiswahili ambayo tumeizoea hata hatuioni tena. Ni desturi ya mtungaji kusimama ndani ya utungo wake mwenyewe, akaonyesha kalamu yake, karatasi yake, hesabu ya beti zake, jina lake na tarehe aliyomaliza kazi. Yaani shairi lajitaja lenyewe na kueleza jinsi lilivyofanywa. Wako watu wasemao kuwa hayo ni pambo, kama nakshi juu ya mlango, na kwamba mlango ungefunga vile vile pasipo nakshi. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo, tena mbele ya vijana waliokuja kwangu kujifunza, mpaka siku nilipopata aibu yangu hapa Lushoto. Aibu hiyo nitawasimulia, lakini kwanza yafaa tuijue desturi yenyewe ilivyo, tusije tukaihukumu bila kuisikiliza.

Tuanze na neno lenyewe, kutunga. Mtu hutunga shanga katika uzi. Mvuvi hutunga samaki katika ukambaa, tukauita mtungo wa samaki. Na mshairi naye hutunga maneno. Lugha yetu haikumpa mshairi neno la fahari lililo mbali na kazi za mikono, bali ilimweka pamoja na msichana mwenye shanga na mvuvi mwenye samaki wake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi huko Pate, alilifahamu jambo hili vema, kwa kuwa katika beti zake za mwanzo aeleza kusudi lake kwa mfano wa kidani cha lulu kinachotungwa. Kabla hajatuonyesha majumba ya Pate yaliyoanguka, atuonyesha vidole vyake vikishika uzi. Sidhani kuwa alifanya hivyo kwa kujivuna. Mtu atakayetuambia kuwa dunia yapita na mali hazidumu, ni haki atuonyeshe kwanza kwamba hata maneno yake ni kitu kilichofungwa kwa uzi, nao uzi hukatika.

Katika tendi za zamani desturi hii ilikuwa na mahali pawili maalum, mwanzo na mwisho. Mwanzoni, baada ya jina la Mungu, mtungaji aliagiza vyombo vyake: wino, karatasi na kalamu. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, hakuanza kwa mawaidha. Alimwita mtoto asogee karibu, achukue wino na karatasi, kwa kuwa anayo maneno moyoni. Fikirini jambo hilo, wasikizaji. Mama ni mgonjwa, ajua hana siku nyingi. Binti ndiye atakayebaki, na kazi ya kwanza anayopewa ni kushika kalamu. Basi kutajwa kwa wino hapo si nakshi juu ya mlango. Ni tendo la kwanza la urithi. Atakayesoma utendi ule baada ya miaka mia ajua kwamba maneno haya yalitoka katika kinywa cha mama yakaingia katika karatasi, na ajua kwa nini ilikuwa lazima yaandikwe upesi.

Na mwishoni, Mwana Kupona ataja hesabu ya beti zake, mia moja na mbili, na mwaka wa Hijra, 1275. Hakuwa wa kwanza katika jambo hili la kuweka alama za kazi. Chuo cha Herekali, ambacho wengine hukiita Utendi wa Tambuka, kazi ya Mwengo wa Athumani wa Pate, kina tarehe yake pia, nayo hulingana na mwaka 1728.

Kwa nini walihesabu? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Tendi zile zilikaa katika miswada iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na kila aliyeutaka utendi alipaswa kuunukuu au kumwomba mtu amnukulie. Kila nakala ilizaa nakala nyingine. Mwenye kunukuu alichoka, au taa ilizimika, au aliuona ubeti mmoja haumpendezi akauacha, au alijiona naye ni mshairi akaongeza wake. Sasa, kama mtungaji amesema ndani ya utungo kwamba beti ni mia moja na mbili, na nakala uliyo nayo mkononi ina tisini na tano, wajua mara moja kuwa saba zimepotea njiani. Hesabu ile ni kufuli. Tena ni kufuli iliyofichwa mahali pa salama, maana imo ndani ya vina na mizani. Mtu akitaka kuibadili namba itampasa awe mshairi, ailinganishe na vina vilivyopo na idadi ya silabi. Mwizi wa kawaida hawezi.

Jina la mtungaji nalo lina kazi kama hiyo. Mtu aliyejitaja amejifunga: ukiona kosa wajua ni nani wa kuulizwa, na ukiona jema wajua ni nani wa kuombewa dua. Ndiyo maana washairi wengi waliojitaja waliomba radhi papo hapo, wakawaambia wenye maarifa wasahihishe palipopotoka. Watu wa siku hizi hudhani kuwa ombi hilo ni adabu tupu. Mimi naona ni ruhusa kamili, imetolewa kwa maandishi, ya kumrudi mwenye kazi.

Wala jambo hili si la Waswahili peke yao. Mhispania Lope de Vega, aliyeishi toka 1562 hata 1635, aliweka katika mchezo wake La niña de plata shairi la mistari kumi na minne lisilosema kitu ila kuhesabu mistari yake yenyewe kadiri linavyokwenda, mpaka la mwisho. Ni mzaha, na ni mzaha mzuri sana. Lakini tazameni tofauti: yule ahesabu ili tucheke kwa werevu wake, na Mwana Kupona ahesabu ili asipotee. Mimi nawapenda wote wawili, ila nikiulizwa ni nani aliyehitaji zaidi ile hesabu, sitasita kujibu.

Baadaye kikaja kiwanda cha chapa. Karibu nasi, mjini Tanga, katika shule ya Serikali ya Wadachi, lilichapwa gazeti la Kiongozi kabla ya Vita Kuu ya 1914, nalo lilipokea mashairi. Kisha toka Januari 1923 likawako Mambo Leo huko Dar es Salaam, na washairi wa nchi nzima wakajibizana humo. Gazeti likichapwa nakala elfu, zote ni sawasawa, na kufuli ya hesabu haikuhitajiwa tena kama zamani. Je, shairi likaacha kujitaja? La. Lilibadili anwani tu. Mahali pa wino na karatasi pakaingia Bwana Mhariri: mshairi alibisha hodi, akaomba nafasi katika ukurasa, akaomba shairi lake lisitupwe kapuni. Wengine wetu tumelicheka ombi hilo kwa kuwa limerudiwa mno, lakini mwanzoni lilikuwa kweli tupu. Mlango wa shairi ulikuwa sasa na bawabu, naye mshairi alimtaja bawabu kwa jina la kazi yake, kama vile wa kale walivyotaja kalamu.

Hayo yote ni ya pwani na ya mijini. Na sisi wa milimani je?

Kiswahili kilipanda Usambara kwa miguu. Kilikuja na misafara, na waandishi wa machifu, na walimu wa shule, wakapandisha kutoka Mombo na Mazinde mpaka Vuga, Soni, Mlalo na mji huu wa Lushoto ambao Wadachi waliuita Wilhelmstal. Kitabu kikubwa cha Kiswahili juu ya nchi hii, Habari za Wakilindi, kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani kwa asili, aliyekuwa mwandishi wa Semboja huko Mazinde. Ni habari za mjazo wala si utenzi, lakini nakitaja kwa sababu moja: tangu mwanzo, mambo ya mlimani yaliandikwa kwa lugha ambayo si ile iliyosemwa jikoni na shambani. Mtungaji wa kwetu bado yuko katika hali hiyo. Huota kwa Kisambaa, na hutunga kwa Kiswahili.

Na lugha hizi mbili, ingawa ni ndugu, hazina mwendo mmoja. Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, na sikio la mshairi huhesabu silabi zikienda kama hatua za askari. Katika Kisambaa sauti hupanda na kushuka, na kupanda huko kwaweza kubadili maana ya neno. Hupita kama njia ya kwetu, haiendi sawa hata hatua kumi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 aliwapa watu wote vipimo vya vina na mizani, nasi wa milimani tulifaidika navyo sana. Lakini kipimo chaweza kukuambia kuwa silabi ni nane. Hakikuambii kuwa neno ulilolitupa ili zitimie nane ndilo neno ulilotaka kulisema. Jambo hilo mtungaji mwenyewe ndiye wa kulisema, na mahali pa kulisema ni ndani ya shairi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, asili yake ilikuwa Uyao, naye alitunga shairi la kukisifu Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Hakuona haya kuigeuza lugha aliyoichagua kuwa ndiyo habari ya shairi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Alikuja kwangu kijana mmoja wa upande wa Soni, na daftari la shule mkononi. Bibi yake aliyemlea alikuwa amefariki, na siku ya arobaini ilikaribia. Alikuwa ametunga utenzi wa kumwombolezea ausome mbele ya watu. Nilifungua daftari, nikaona ubeti wa kwanza:

Nipe wino wa sandali,
na karatasi ya mbali,
kalamu nzuri kamili,
niandike niwazayo.

Vipande vinne vya mizani nane nane, vina vitatu vinalingana, na kina cha nne, yo, ndicho atakachorudi nacho mpaka mwisho. Hakuna kosa la sheria. Nikamwuliza, "Mwanangu, wino wa sandali umeuona wapi?" Akacheka kidogo, akasema, "Sijauona, Mwalimu. Nimesikia wakubwa wakianza hivyo." Nikatazama daftari; lote limeandikwa kwa kalamu ya risasi, tena limefutwafutwa hata karatasi imetoboka mahali. Nikamwambia kwamba wakubwa walitaja wino kwa sababu waliushika. Yeye ataje alichokishika. Akaenda nyumbani, akarudi baada ya siku mbili na beti hizi:

Kalamu yangu risasi,
yapungua kwa upesi,
nafuta kwa wasiwasi,
niandike niwazayo.

Kisambaa nalilia,
Kiswahili natungia,
vina vinanikimbia,
na sauti nitakayo.

Nakiri kwamba nilikaa kimya kitambo. Ubeti wa kwanza wa zamani ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Hizi mbili zilikuwa za mjukuu mmoja aliyefiwa. Tena angalieni jinsi kazi inavyojionyesha: kalamu inayopungua si kalamu tu, na mwenye kusikiliza mazishini hahitaji kuelezwa zaidi. Na aliposema kwamba vina vinamkimbia, alikisema jambo hilo kwa vina vitatu kamili. Hapo nilimwambia kweli: shairi linalotaja ugumu wake halina budi kuushinda ugumu huo katika ubeti ule ule, la sivyo limegeuka udhuru. Watungaji wengi wavivu hujificha nyuma ya kuomba radhi.

Sehemu iliyobaki ilihusu bibi mwenyewe: mzigo wake wa kuni kutoka msituni, migomba yake, ukungu wa asubuhi aliokuwa akiupasua kwenda gulioni. Nikaridhika. Kijana akaniomba nimnukulie kwa wino katika karatasi safi, kwa kuwa mwandiko wangu wasomeka na wake ulikuwa umefifia kwa kufutwa. Akaniuliza pia kama aongeze mwishoni hesabu ya beti, kama tendi za kale. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba hayo ni mapambo ya miswada ya zamani. Utenzi wenyewe mfupi, utasomwa mara moja, nani atahesabu?

Nilinukuu usiku. Siku ya arobaini utenzi ukasomwa na mtu mwenye sauti nzuri, na kijana akaketi miongoni mwa ndugu zake. Watu walisikiliza, wazee wanawake walijifunika nyuso. Msomaji alipofika mwisho nikaona kijana anamtazama yeye, kisha ananitazama mimi. Baadaye alinifuata nje, akasema kwa adabu yote, "Mwalimu, bibi yangu hakutajwa."

Nilichukua daftari lake nikalinganisha. Nilikuwa nimeruka ubeti mmoja, nao ndio pekee uliokuwa na jina lake. Na sababu ya kuruka yafaa kujulikana na kila mwenye kunukuu tendi. Kila ubeti wa utenzi huishia kwa kina kile kile. Jicho likiinuka kutoka karatasi kwenda kuchovya kalamu, lirudipo latafuta mahali lilipoachia, laona yo, lashika yo ya ubeti wa chini badala ya yo ya ubeti wa juu, na mkono waendelea bila habari. Kina kinachoufunga utenzi pamoja ndicho kinachompotosha mnukuzi. Wa kale walilijua hilo, kwa kuwa walinukuu maisha yao yote. Na ndiyo maana waliweka kufuli. Mimi nilikuwa nimemwambia kijana aache mlango wazi, kisha nikaingia mwenyewe nikamwibia.

Wala hakuna aliyeweza kunikamata. Msomaji hakujua, wasikizaji hawakujua. Utenzi wenye beti thelathini na moja ulisikika mzima kama wenye thelathini na mbili. Laiti ungekuwamo ubeti wa hesabu, mimi mwenyewe ningehesabu kabla ya kulala.

Tangu siku hiyo nawaambia vijana wanaokuja kwangu mambo ninayoyaamini. Taja chombo ulicho nacho kweli, kiwe risasi au kalamu ya wino au kidole juu ya kioo cha simu, lakini usitaje chombo cha babu wa mtu mwingine. Kama lugha yakushinda mahali, sema mahali hapo hapo, mara moja, uendelee. Ukisema katika kila ubeti, watu watakuacha na matatizo yako waende zao. Jina lako liweke mahali lisipoweza kung'olewa bila kuharibu kina. Na hesabu usiiache, hata kama utenzi wako utachapwa, maana shairi likipendwa halikai katika chapa. Watu hulichukua, hulinukuu katika daftari, hulituma kwa jamaa, na huko ndiko linakopungua.

Mwezi uliofuata kijana alimpa dereva wa basi bahasha aniletee. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa, ameinukuu safari hii kwa mkono wake mwenyewe, kwa risasi, na mwishoni ameongeza ubeti huu, akiuhesabu pamoja na nyingine na kuuacha mmoja wa zamani aliouona dhaifu:

Ni thelathini na mbili,
zihesabu kwa adili,
ukikuta si kamili,
si kazi niitungayo.

Nikaketi mlangoni penye mwanga nikahesabu kwa kidole. Nikapata thelathini na moja. Nikahesabu tena toka chini kwenda juu, nikapata thelathini na moja. Nikaitafuta bahasha, nikaikung'uta, haikuwa na kitu. Ndipo nilipoigeuza ile karatasi, nikaona nyuma yake, kwenye pembe, ubeti mmoja umeandikwa peke yake kwa herufi ndogo, na alama ya msalaba kuonyesha mahali pake katika safu. Ndio ule wenye jina la bibi.